Kiti cha Nyuma

Nahashon Nabiswa alianza kutafuta gari wiki ile ile ambayo daktari alimwambia mkewe kwamba dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu. Kabla ya hapo hakuwahi kulitamani gari. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akitembea kwa miguu kutoka mtaa wa Jericho, Nairobi, alikoishi, hadi Industrial Area, alikokuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi. Alikwenda asubuhi na kurudi jioni, na watu wa mtaa walimjua kwa ule mwendo wake wa kuinama mbele kidogo, kama mtu anayesukuma mkokoteni usioonekana. Leseni alikuwa nayo tangu ujanani, alipokuwa akiendesha lori la kiwanda hicho hicho, lakini gari la kwake mwenyewe hakuliona kuwa jambo la mtu kama yeye.

Truphena, mkewe, alikuwa mwanamke mrefu. Majirani walimwita kutundika mapazia kwa sababu hakuhitaji kupanda kiti. Saratani iliyoanzia kwenye titi ilikuwa imehamia uti wa mgongo, na sasa hakuweza kukaa wima hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Mara ya mwisho walipotoka hospitalini walipanda teksi, kagari kadogo ambako magoti yake yaligota kiti cha mbele, na alipiga mayowe kutoka Makadara mpaka mlangoni. Dereva alikuwa akiomba msamaha kwa kila shimo, kana kwamba yeye ndiye aliyelichimba.

Jioni hiyo, alipokwisha kumeza dawa na uso wake kulegea kidogo, alimwambia mumewe, "Baba Jacklyne, nataka kwenda kwetu."

"Chwele?"

"Chwele ni kwenu. Nataka kwetu, Kimilili. Kwa mama."

Kulikuwa na jambo kati yao ambalo halikuwa likitajwa. Miaka kumi na minne iliyopita, babake Truphena alipofariki, Nahashon alimwambia mkewe asiende mazishini. Si kwamba alikuwa mkatili. Binti yao Jacklyne alikuwa na surua, na kiwandani watu walikuwa wakifutwa kazi kila Ijumaa. "Tutaenda Desemba," alisema, na Desemba ilipofika wakaenda kweli, wakakuta kaburi limeota nyasi. Truphena hakugomba. Alipiga magoti, akang'oa zile nyasi zote kwa mikono, akanawa, akaingia jikoni kumsaidia mamake kupika. Tangu siku hiyo hakulitaja jambo hilo hata mara moja, na Nahashon aliona afadhali angemtukana.

"Tutaenda," alimwambia sasa. "Na hutakaa kitako. Utalala njia nzima."

Kesho yake alirudi kutoka kazini na kipande cha uzi wa kushonea magunia. Alimpima Truphena kitandani, akiwa amelala ubavu, magoti yamekunjwa kadiri maumivu yalivyoruhusu, kutoka utosini hadi kisiginoni, akafunga fundo mahali alipoishia.

Truphena alimtazama kwa jicho moja. "Unanipimia jeneza mapema hivi?"

"Napima kiti cha gari."

Akacheka, kisha akaacha, maana kucheka nako kulimuuma.

Seth, aliyefanya kazi naye kiwandani, alijifanya mshauri wake wa magari. Yeye aliona jambo lenyewe ni rahisi. "Buda, chukua gari ya juu," alisema. "Hizo kubwa kubwa. Ukiingia nayo ushago, kijijini kwenu, watu wajue umekuwa Nairobi." Wakazunguka yadi za magari Jumamosi mbili mfululizo. Wauzaji walimfungulia Nahashon boneti, wakamwonyesha injini zilizosafishwa zikang'aa, wakawasha redio. Yeye alikwenda moja kwa moja mlango wa nyuma, akautandaza uzi wake juu ya kiti, akautoa, akafunga mlango na kusema asante. Magari ya juu yalikuwa na nafasi, lakini mgonjwa angelazimika kupandishwa kama gunia. Madogo yalikuwa mafupi. Mengine mapya yalikuwa na viti vilivyochimbwa kama mabakuli, kila abiria na shimo lake, na katikati kigongo. Muuzaji mmoja alimuuliza Seth kando kama rafiki yake yuko sawa kichwani.

Jumamosi ya tatu waliambiwa habari za mzee mmoja wa Uhuru Estate aliyekuwa akiuza gari lake mwenyewe, bila dalali. Jina lake Kyule. Alikuwa karani wa mahakama ya Makadara mpaka alipostaafu, na sasa presha ya macho ilikuwa imemla uwezo wa kuona, akabakiwa na mwanga wa pembeni tu. Walimkuta amesimama uani, ameshika kitambaa, akilipangusa gari kwa kupapasa.

Seth alipoliona aliguna. Lilikuwa gari la Kijapani la miaka ya tisini, refu, la chini, lenye pembe za mraba, rangi yake kama chai iliyozidi maziwa. "Wacha nikuambie ukweli," alimnong'oneza Nahashon. "Hii ni gari ya headmaster amestaafu. Hakuna mtu hununua hii kitu siku hizi."

"Nimesikia," Mzee Kyule alisema bila kugeuka. "Na ni kweli. Wamekuja watu wanne, wote wameondoka. Wewe unayetaka kununua ni yupi?"

"Ni mimi, mzee. Naitwa Nahashon."

"Sasa Nahashon, nikuambie ubaya wake kwanza. Dirisha la nyuma kushoto hushuka vizuri, lakini kupanda ni lazima ulisaidie kwa kiganja. Redio ilikufa. Ukipita tuta, kuna kitu hulia chini upande wa kulia. Nimebadilisha kila kilichoweza kubadilishwa na bado kinalia, nikaamua hiyo ni sauti yake. Zaidi ya hapo, miaka kumi na tisa halijaniacha njiani hata siku moja. Oili naimwaga na kutia mpya kwa wakati. Halijawahi kugongwa wala kugonga."

Nahashon alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Kiti kilikuwa kirefu, tambarare, kipana kama benchi la kanisa lililotiwa mto. Akautandaza uzi. Fundo liliishia mahali pa kuishia na bado pakabaki nafasi ya kiganja kizima. Akakaa pale akiwa ameinama, mkono juu ya kitambaa cha kiti, asiweze kuinuka.

"Mbona kimya?" Mzee Kyule aliuliza. "Unafanya nini huko nyuma? Injini iko mbele."

Nahashon akamweleza. Hakuwa amekusudia kueleza mengi, lakini alijikuta akisema yote: mgongo wa Truphena, teksi, mama mtu wa Kimilili. Seth, ambaye hakuwa amejua uzi ule ulikuwa kipimo cha nani, alivua kofia na kuishika mkononi.

Mzee alikunja kitambaa chake mara mbili. "Basi sikiliza," alisema. "Pale chini, kati ya kiti na kiti, jaza mablanketi yaliyokunjwa mpaka yalingane na kiti. Ukifunga breki hataporomoka. Na kichwa kikae nyuma yako wewe dereva, si upande wa pili, ili umsikie akiita."

Walikubaliana bei bila kuvutana. Kabla ya kutoa funguo, Mzee Kyule aliomba jambo moja tu, kwamba azungushwe mtaani mara moja. Akaketi mbele, pembeni ya Nahashon, mikono juu ya magoti. Walipokata kona alisema, "Hapa ni kwa fundi wa viatu," na ilikuwa kweli. Walipopita tuta na kitu kikalia chini, alitabasamu. Waliporudi langoni hakushuka mara moja. "Mimi sikuwahi kwenda nalo mbali sana," alisema. "Machakos na kurudi, kanisani, kazini. Nenda nalo polepole. Halipendi kukimbizwa." Kisha akashuka, na binti yake akamshika mkono kumrudisha ndani, naye akawa anageuza uso kuufuata mlio wa injini mpaka wakatoweka.

Waliondoka Jericho Jumamosi iliyofuata alfajiri. Wanaume wanne, majirani wa ploti yao, walimbeba Truphena kwa shuka, kila mmoja pembe yake, wakamwingiza garini kwa mlango mmoja huku Nahashon akimvuta taratibu kwa mlango wa pili. Alilala pale kitini, juu ya magodoro mawili membamba, akanyoosha mguu mmoja, akasikilizia. Wote walisimama wakimtazama usoni.

"Sisikii kitu," akasema kwa mshangao. "Twendeni kabla hakijarudi."

Jacklyne alikaa mbele, amegeuka nyuma, chupa ya dawa mapajani. Alikuwa ameomba ruhusa kazini kwake, dukani kwa Mhindi mmoja mjini, na hakuwa ameambiwa aombe siku ngapi. Nahashon aliendesha kama mtu aliyebeba sufuria ya maji yaliyojaa mpaka ukingoni. Malori yalimpita, mabasi yalimpigia honi, na mtu mmoja alishusha kioo na kumuuliza kama anapeleka mayai. Gari halikutetemeka. Lilipanda milima kwa sauti moja ile ile, nzito na ya chini, na sindano ya joto ikabaki palepale ilipoanzia Nairobi.

Truphena hakuona barabara. Aliona anga na ncha za miti. "Tuko wapi?" aliuliza mara kwa mara, kisha akaanza kubahatisha mwenyewe. Naivasha aliikosa. Nakuru aliipata kwa kelele. Walipokuwa Timboroa alisema kabla hajaambiwa, "Hapa ni Timboroa. Nasikia baridi ya shamba la viazi." Jacklyne akamshushia kioo kidogo, naye Truphena akavuta ile hewa kama mtu anywaye maji.

Walisimama kando ya barabara apewe dawa. Jacklyne alipokwenda kununua ndizi, Truphena aliita kutoka nyuma, si Baba Jacklyne, ila jina lenyewe. "Nahashon."

"Nipo."

"Ile Desemba. Ulisema tutaenda na tukaenda."

Nahashon alishika usukani ingawa gari lilikuwa limesimama. "Tulichelewa," akasema.

"Tulichelewa. Sikukusamehe, ujue. Miaka yote hii nimekupikia, nimekufulia, nimecheka na wewe, na lile sikukusamehe. Nimeona nikuambie tukiwa njiani, nisifike nalo kwa mama."

Alitaka kugeuka amwone uso, akashindwa. "Na sasa?"

Lori lilipita, gari likayumba kidogo na kutulia. "Sasa umenileta," akasema. "Endesha, mume wangu. Nisikie tunakwenda."

Walifika Kimilili jua likiwa bado juu. Nahashon alisimamisha gari kando ya ua, akashuka, akaenda kusimama mbali karibu na ghala la mahindi. Kwao Wabukusu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hampi mkono, hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni. Miaka thelathini ya ndoa, maneno aliyowahi kusema na yule mama yalikuwa ya salamu za mbali tu, macho chini.

Sylvance, kaka yake Truphena, alimfuata pale ghalani. Alikuwa na uso wa mtu mwenye deni la maneno. "Shemeji," alisema, "kuna jambo hatukuwaambia kwa simu. Tuliogopa kumwongezea mgonjwa uchungu. Mama akili yake imeanza kupotea. Mimi mwenyewe siku nyingine huniita kwa jina la baba."

Mama mtu alikuwa ameshatoka nje, mdogo, mwepesi, leso mabegani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa gari uliokuwa wazi akachungulia.

"Huyu ni nani mgonjwa hivi?"

"Ni mimi, mama. Truphena."

Bibi kizee alimtazama kwa makini, kutoka usoni hadi miguuni, kisha akatikisa kichwa. "Truphena yuko Nairobi," akasema kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Na Truphena ana mwili. Wewe, maskini, umekwisha."

Jacklyne aliziba mdomo kwa mkono. Kutoka ghalani, Nahashon aliona kichwa cha mkewe kikirudi polepole juu ya mto. Safari yote ile, kilomita zote zile alizozipita kwa mwendo wa kobe, zilikuwa za dakika hii. Akatamani ardhi immeze na gari lake.

Truphena alifumba macho, akayafumbua. "Ni kweli, mama," akasema. "Mimi ni mgeni tu. Nimechoka na safari."

"Karibu basi," mama akasema. Akapanda garini kule mwishoni mwa kiti, akainua miguu ya mgeni, akaiweka mapajani mwake, akaanza kuikanda kwa vidole vyake vigumu vya kulima. "Una miguu mirefu," alisema baadaye. "Kama ya mwanangu."

Truphena aliishi siku kumi na moja. Walimlaza katika chumba cha mbele, na kila asubuhi mamake alikuja na uji kumtazama mgeni, akakaa miguuni pake, akamsimulia habari za binti yake wa Nairobi. Nahashon alikuwa akiketi nje chini ya dirisha, kwa kuwa ndani hakuweza kuingia mama mkwe akiwepo, na hapo alisikia yote. Alisikia jinsi Truphena alivyokuwa msichana mrefu kupita wavulana wote wa shule, na jinsi alivyoficha viatu vyake vya kwanza asivivae vikachakaa. Na siku ya saba, au ya nane, alisikia mama akisema, "Babake alipokufa hakuja. Watu walisema sana. Niliwaambia nyamazeni, mwanangu angeweza angekuja. Mimi namjua. Kitu kilimzuia."

"Kilimzuia," sauti ya Truphena ikaitikia, nyembamba.

"Sikumkasirikia hata siku moja. Ukirudi Nairobi ukimwona, mwambie hivyo."

"Nitamwambia."

Nahashon aliinuka pale dirishani, akaenda mpaka mtoni, akakaa huko hadi jua likawa la kuchoma.

Truphena alikufa siku ya kumi na moja, adhuhuri, mama akiwa ameshika miguu yake. Ni mama aliyetoka nje kuwaambia watu. "Yule mgeni amelala," alisema, "na mimi naona haamki. Watafuteni watu wake."

Walimzika Chwele, kwao Nahashon, kama ilivyo desturi. Seth alikuja kutoka Nairobi na wenzake wawili wa kiwandani. Jeneza lilibebwa na pikapu ya jirani, na Nahashon akalifuata nyuma na gari lake tupu, Jacklyne pembeni yake. Mama hakuletwa. Sylvance alikuwa amejaribu kumwambia ukweli, naye alilia kilio cha mtu aliyepokea habari sasa hivi, akagaagaa, akasahau. Kesho yake akaambiwa tena, akalia upya. Basi wakaamua wasimwambie mara ya tatu.

Baada ya siku za matanga, Nahashon na Jacklyne walipita Kimilili kuaga kabla ya kurudi Nairobi. Nahashon alisimamisha gari pale pale kando ya ua, na kabla hajashuka mlango wa nyuma ulifunguliwa. Mama mkwe wake aliingia, amevaa kanzu ya kanisani na viatu, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu kuku aliyefungwa miguu. Akajipanga vizuri kitini.

"Dereva," akasema, "nipeleke Nairobi kwa Truphena. Nasikia mtoto wangu anaumwa na hakuna mtu wa kunipeleka."

Sylvance alikuja mbio kutoka shambani. "Mama, shuka. Truphena ali—"

"Mjomba, tafadhali," Jacklyne akamkata. "Usimwambie tena."

Wote wakamtazama Nahashon. Mwanamume hapandi gari moja na mama mkwe wake. Ingekuwa siku nyingine angeshuka, akaenda kusimama ghalani na macho chini. Lakini huyu mama hakujua kwamba ni mkwewe. Alimwona dereva tu, mtu mwenye gari, na gari lilikuwa linaelekea alikotaka kwenda. Nahashon akawasha injini.

Walikwenda kwa njia ya vumbi, kisha lami. Mama alikaa wima, akitazama nje, akiuliza mashamba yale ni ya nani. Alisema gari hili ni zuri, halirushi watu. Alisema kuku ni wa Truphena, wa kuchinjiwa mgonjwa, na kwamba binti yake ameolewa na mtu mkimya ambaye yeye hajawahi kumwona usoni sawasawa, lakini anasikia ni mtu wa kazi. Jacklyne aligeukia dirisha. Walipofika njia panda ya barabara kubwa, Nahashon alitoka pembeni akasimama. Mbele yao malori yalikuwa yakielekea Webuye, na huko mbele zaidi Nairobi.

"Tumefika?" mama akauliza.

"Bado, mama. Ni mbali."

"Najua ni mbali. Ndiyo maana haji."

Hapo ndipo Nahashon alipolia. Hakuwa amelia kaburini, wala siku ile dirishani. Alilia ameegemea usukani, mabega yakitikisika, na Jacklyne akamwekea mkono mgongoni naye analia. Nyuma yao kuku alipapatika kikapuni na kutulia.

Mama alingoja kwa adabu. "Dereva amechoka," alimwambia Jacklyne. "Mwache apumzike. Mimi sina haraka."

Alipoweza kuona barabara, Nahashon aligeuza gari, akarudi nao polepole walikotoka. Mama hakuuliza neno. Walipofika kwenye ua alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea kiti, mkono mmoja juu ya mpini wa kikapu. Sylvance alikuja akafungua mlango, akataka kumwamsha.

"Mwache," Nahashon akasema.

Akazima injini. Safari yao ya Nairobi ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limeshapinduka, lakini walikaa pale yeye na binti yake, mbele, wakimsikiliza bibi kizee akipumua, mpaka alipoamka mwenyewe.